Mkenya Msomali asilipishwe siasa za Mogadishu

Ndugu Mhariri,

Naandika kumjibu msomaji wenu aliyesema ati serikali imeuza nchi kwa kuondoa msasa wa vitambulisho huku kaskazini, yaani kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa ID, na kwamba sasa Wasomali wa Somalia watamiminika hapa waje waamue kura ya 2027. Barua yake imesomwa sana hapa kwetu, imezungushwa kwa simu mpaka nikaichoka, na sioni mtu amemjibu vizuri, wengine wanamtukana tu na matusi hayajengi. Mimi si Msomali. Ni Mkamba wa Mwingi, Mkristo, nafanya ukarani wa basi hapa Garissa, nakata tiketi na kuandika parseli, na kondakta akikosekana naingia barabarani mwenyewe. Nimeishi na hawa watu miaka mingi na watoto wangu wamesomea hapa, kwa hivyo nisiambiwe natetea ukoo wangu.

Kwanza tuelewane huo msasa ni nini, manake watu wengi wa Nyeri ama Kisumu hawajawahi kuuona na ndio maana wanaupigia makofi. Kijana wa Machakos akifika miaka 18 anaenda na cheti cha kuzaliwa na kopi ya kitambulisho cha mzazi, chifu anagonga muhuri, anapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kisha anaambiwa asubiri. Kijana wa Garissa, Wajir ama Mandera alikuwa na hizo karatasi zote na bado anapelekwa mbele ya kamati, wazee wamekaa, maafisa wa serikali wamekaa, watu wa usalama wamekaa, anaulizwa jina la babu wa babu yake, ukoo wake mdogo ni upi, walikuwa wakinywesha mifugo kisima gani. Mtoto amezaliwa hospitali hapa mjini mwaka wa 2005, baba anauza viatu sokoni, hicho kisima atakijulia wapi? Na kamati yenyewe haikai kila siku. Mtu anatoka Hulugho kule mpakani na nauli ya kukopa, akifika anaambiwa mwenyekiti hayuko rudi mwezi ujao, mwezi ujao anaambiwa fomu zimeisha. Kuna vijana nimewajua wakizungushwa hivyo mpaka wakaoa na kupata watoto kabla hawajapata ID, na bila ID huna laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, mkopo wa HELB wa kusomea chuo hupati, kazi ya kuandikwa hupati, kura huna.

Si Wasomali peke yao pia. Wanubi wa Kibra ambao babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kuwa askari wa KAR, jeshi la mkoloni, wamepigwa msasa huo huo zaidi ya miaka mia baada ya kufika, mpaka wakapeleka kesi ya watoto wao kwa kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto na 2011 wakashinda. Pwani, ukiwa na jina la Kiarabu ama la Kibajuni utatafutiwa vyeti vya babu. Wamakonde wa Kwale ilibidi watembee kwa miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016 kumuona Rais ndipo wakakubaliwa, Wapemba wakangoja mpaka 2023. Lakini mimi nakaa Garissa na nitasema ya Garissa.

Ile kazi yangu inanionyesha kitu ambacho mtu wa ofisini haoni. Basi likitoka Garissa asubuhi kwenda Nairobi linasimamishwa njiani, askari anapanda, anatazama nyuso. Anaita, shukeni na vitambulisho mkononi. Wanaoshuka ni Wasomali. Mimi hubaki, mama wa mboga wa Mwingi hubaki, mwalimu wa kutoka Bungoma hubaki, hakuna mtu ametuuliza kitu. Juzi juzi kulikuwa na msichana amepata nafasi ya chuo kikuu, ana barua ya chuo, ana cheti cha kuzaliwa, ana kopi ya ID ya mamake na ile karatasi ya kusubiria kitambulisho, vyote ndani ya bahasha ya plastiki ameikumbatia kifuani. Akashushwa. Akaambiwa karatasi ya kusubiria si kitambulisho, arudi Garissa ama aongee vizuri, na kila mtu anajua kuongea vizuri ni nini. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na jamaa wa Nyeri, fundi wa jenereta, huyo alikuwa amesahau ID yake gesti kabisa, aliniambia mwenyewe tulipokuwa tunapakia, na yeye hakuguswa. Tulisimama pale jua linachoma, dereva anapiga honi, mwishowe yule mama wa mboga akatoa mia moja akasema mchangieni mtoto twende, watu wakachanga, hata yule fundi akatoa. Msichana alirudi kitini hakuongea neno mpaka Thika. Nilikaa nikafikiria, huyu anaenda kusomeshwa na hii nchi, na masomo ya kwanza ya uraia ameshapewa hapo barabarani.

Sasa msomaji wenu anasema ni usalama. Anasema tumesahau Garissa University. Ndugu yangu, hiyo usiniambie. Aprili 2, 2015 mimi nilikuwa hapa. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, watoto wa watu kutoka kila kona ya Kenya, na wauaji walikuwa wakiwatenga Wakristo. Nilisaidia kupanga mabasi ya kuwarudisha makwao wale walionusurika, wengine hawana viatu, wameshika simu tu. Na kabla ya hapo, Julai 1, 2012, makanisa mawili ya huu mji yalishambuliwa siku moja na watu 17 wakafa. Kwa hivyo uchungu wa Al-Shabaab siusomi gazetini.

Lakini tuulize swali la kawaida, msasa ulizuia nini? Mmoja wa waliofanya ule unyama wa chuo alikuwa mtoto wa chifu wa Mandera, amesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Huyo msasa ungemshika wapi wakati babake ndiye serikali mtaani? Katika shambulizi la hoteli ya Dusit Nairobi Januari 2019 lililoua watu 21, mmoja wa washambuliaji alikuwa kijana aliyekulia Isiolo, baba mwanajeshi. Hawa walikuwa na karatasi safi kuliko huyo msichana wa basi. Na yule mgeni kweli, aliyevuka mpaka na pesa mfukoni, hakuwa na shida na kamati hata siku moja, manake kamati ndiyo ilikuwa soko. Mahali afisa ana uwezo wa kukataa bila kutoa sababu, hapo lazima patauzwa kitu. Aliyenyimwa ni maskini wa Balambala ambaye hana cha kuuza isipokuwa mbuzi. Ukitaka usalama wa vitambulisho wakamate wanaouza, uwafunge. Cheti cha kuzaliwa kikaguliwe, alama za vidole zilinganishwe kwa kompyuta, na huo ukaguzi ufanywe kwa kila Mkenya, wa Nyeri na wa Mandera.

Nikija kwa hoja yangu kubwa, ambayo naona hata magazeti hayaisemi wazi. Kila mara Kenya ikivurugana na Somalia, ama siasa ya nje ikienda mrama, anayelipa ni raia wetu wenyewe wa huku. Angalieni kutoka mwanzo. Mwaka wa 1962 Waingereza walituma tume NFD, ndilo jina la zamani la huku kaskazini, kuuliza watu wanataka nini, Wasomali wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia, wakapuuzwa, Kenya ikapata uhuru na vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga, vikaanza. Mwaka wa 1967 wakubwa walikutana Arusha, Kaunda akiwapatanisha, Kenya na Somalia zikapeana mikono. Huko juu yakaisha. Huku chini hali ya hatari ikaendelea mpaka 1991! Zaidi ya miaka 20 baada ya serikali mbili kuelewana, mtu wa Garissa bado alikuwa anatawaliwa kwa sheria za vita. Katikati ya hiyo miaka ndipo Bulla Kartasi ya hapa Garissa ikachomwa, Novemba 1980, watu wakafungiwa uwanja wa shule bila chakula wala maji. Ndipo Wagalla, Februari 1984, wanaume wakakusanywa uwanja wa ndege wa Wagalla huko Wajir, serikali ikakubali waliokufa ni 57 na tume ya ukweli na maridhiano baadaye ikasema wanakaribia 1,000. Na 1989 wakaletewa msasa mpya na kadi za rangi ya waridi, Mkenya abebe kadi ya pili kuthibitisha ile ya kwanza.

Ikaja Oktoba 2011, watalii wametekwa nyara Lamu, jeshi letu likaingia Somalia, oparesheni ya Linda Nchi. Mimi siwezi kusema lilikosea kuingia, watu walikuwa wanatekwa na nchi haiwezi kukaa tu. Lakini vita vikarudi nyumbani, na vikirudi vilikuwa vinatafuta uso. Novemba 2012 wanajeshi watatu walipigwa risasi hapa mjini wakafa, na siku hiyo hiyo soko la Suuq Mugdi likateketea, wenye maduka wanasema ni wanajeshi waliochoma, mali ya maisha ikawa majivu. Aprili 2014 ikaja Usalama Watch, msako wa polisi, Eastleigh mtaa wa Wasomali Nairobi ikazingirwa, maelfu wakakamatwa, wengine wakafungiwa Kasarani uwanja wa mpira, wakiwemo Wakenya wenye vitambulisho halali. Abiria wangu walikuwa wananiambia askari anakunja ID yako anasema hii ni ya kununua. Baada ya hapo mabomu yaliisha? Shambulizi la Mpeketoni kule Lamu lilikuwa Juni mwaka huo huo, mwaka uliofuata Garissa University. Tulichopata ni vijana wenye hasira na wazazi ambao hawataki tena kumwambia polisi kitu wakiona mgeni mtaani, na hao wazazi ndio macho tuliyokuwa tunayahitaji.

Hata mambo ambayo si ya bunduki. Ile kesi ya Kenya na Somalia ya mpaka wa bahari huko Hague iliposomwa Oktoba 2021 na Somalia ikapewa sehemu kubwa, duka la jirani yangu hapa lilijaa maneno, mteja wa kutoka chini, yaani nje ya kaskazini, anamwambia mwenye duka "mmechukua bahari yetu". Mwenye duka amezaliwa Madogo, bahari ameiona mara moja Mombasa akipeleka mtoto shule. Februari mwaka 2025 Raila akashindwa kule Addis Ababa, mtu wa Djibouti, ambako pia kuna Wasomali wengi, akapata kiti cha tume ya Umoja wa Afrika, nikasikia watu wa stendi wakiwalaumu Wasomali wa Garissa kwa kura iliyopigwa na marais wa Afrika. Wengi wa wanaolaumiwa hapa walikuwa wanamshabikia Raila!

Na linganisha na miraa. Machi 2020 Somalia ilizuia ndege za miraa, wakulima wa Meru wakalia, wabunge wao wakalia, ikawa jambo la taifa, rais kwa rais wakaongea mpaka Julai 2022 biashara ikafunguliwa. Ilikuwa sawa kabisa, mkulima wa Meru ni Mkenya na serikali ilitakiwa kumpigania. Sasa mpaka wa Mandera ulifungwa rasmi 2011, mara tunaambiwa 2023 unafunguliwa, shambulizi likatokea ukaahirishwa, na nani analilia mfanyabiashara wa Mandera? Akililia mwenyewe anaambiwa ana jamaa upande ule. Ndio ana jamaa upande ule! Mluhya ana jamaa Uganda, Mmaasai ana jamaa Tanzania, Mdigo ana shangazi Tanga, na hakuna mtu anawaita wageni. Somalia yenyewe imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, tunakaa nayo meza moja Arusha tukizungumza soko huria na watu kutembea bila vikwazo, halafu Mkenya wa Wajir hawezi kufika Mwingi bila kushushwa basi.

Kuna kitu watu wa njia hii hatutasahau. Novemba 2014 basi lilitekwa karibu na Mandera, wakatengwa wasio Waislamu, 28 wakauawa. Kwetu sisi wa mabasi hiyo ilikuwa msiba wa kazini, walimu walikataa kupanda, wengi hawakurudi kufundisha mpaka leo na shule za huko bado zinaumia. Mwaka uliofuata, Desemba 21, 2015, wakajaribu tena kule karibu na El Wak. Wakasimamisha basi, wakasema Waislamu huku, Wakristo huku. Abiria Waislamu wakakataa. Kina mama wakavua mitandio wakawafunika Wakristo, wakaambia wale wauaji tuueni sote ama mtuache. Mwalimu Salah Farah, Msomali wa Mandera, alipigwa risasi pale na Januari 2016 akafa hospitalini Nairobi. Serikali ikampa nishani akiwa kaburini. Huyo kwa damu yake alikataa abiria watengwe, na ni serikali iliyompa nishani ndiyo inatuma askari kupanda basi langu kuwatenga abiria kwa uso. Nimelisema hili kwa polisi mmoja ninayemheshimu, mtu mzima wa huko magharibi, akaniambia karani hata mimi sipendi lakini ndiyo oda. Basi oda ibadilishwe.

Msomaji wenu anasema pia Wasomali wameshiba, wana mawaziri, wana mahoteli Eastleigh, wanataka nini tena. Ni kweli kuna wakubwa, Aden Duale wa hapa Garissa amekuwa kiongozi wa wengi bungeni na amekuwa waziri. Mimi namheshimu, lakini uwaziri wake haumpi ID msichana wa Hulugho, kama vile Mkamba akiwa makamu wa rais haikuniletea mimi maji Mwingi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wasomali wa Kenya karibu milioni 2.8. Huwezi kuchukua matajiri wachache ukawafanya uso wa watu wote hao, wengi wao wafugaji ambao ukame ukipita wanabaki na mifupa ya ng'ombe.

Tena kuna wale wa kambi ya wakimbizi ya Dadaab ambao ukiwauliza watu wa chini hawajui hata kama wako. Kambi ilifunguliwa 1991. Njaa ilipobana, familia za Kenya za hapa jirani zilienda zikajiandikisha kama wakimbizi ili zipate unga na dawa, mtoto mdogo akawekwa alama za vidole. Amefika miaka 18, anaenda kuomba kitambulisho, kompyuta inasema wewe ni mkimbizi. Babake ana ID ya Kenya, babu ana kipande cha mkoloni. Ni maelfu hawa. Hawawezi kuwa wakimbizi manake si wakimbizi, hawawezi kuwa Wakenya manake mashine imekataa, na hakuna kwao kwingine. Wengine sasa wana miaka 30.

Kwa hivyo Rais Ruto alipotangaza Februari 2025 akiwa ziarani huku kaskazini kwamba msasa umekwisha, mji huu ulilia kwa furaha, sitaficha, hata mimi nilifurahi. Lakini nina wasiwasi, na huu wasiwasi ndio nataka wabunge wetu wausome. Kilichotolewa kwa tangazo la rais kinaweza kuondolewa kwa tangazo la rais mwingine. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, bado inampa afisa nafasi ya kudai ushahidi zaidi kwa yeyote anayemshuku, na huo mlango ndio msasa wote uliingilia. Leo upinzani unasema ni njama ya kura, kesho ukishinda utafanya nini? Na serikali nayo isije ikatumia jambo hili kuwaambia watu wa huku tuliwapa vitambulisho sasa tupeni kura. Kitambulisho cha Mkenya si zawadi ya chama. Katiba ya 2010 inasema aliyezaliwa na Mkenya ni Mkenya, na kifungu cha 27 kinakataza kumbagua mtu kwa kabila ama dini. Imeandikwa hapo, hakuna mahali inasema isipokuwa NFD.

Wabunge wa Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit, Isiolo na Tana River mkikaa pamoja na wale wa Kibra na wa Pwani ni wengi wa kutosha kuleta mswada. Uandikeni hivi, ushahidi unaohitajika kwa kitambulisho uwe mmoja kwa kila kaunti, afisa akikataa aandike sababu kwa maandishi ndani ya siku zilizowekwa, aliyekataliwa apate mahali pa kukata rufaa karibu na kwao, na waliokwama kwenye daftari la wakimbizi watolewe. Na waziri wa usalama wa ndani atoe amri kwa maandishi kwamba ukaguzi wa mabasi ukifanywa unafanywa kwa abiria wote, kiti cha kwanza mpaka cha mwisho, mimi nikiwemo. Tunaenda kupiga kura Agosti 2027 na tume ya uchaguzi IEBC haitaandikisha mtu asiye na ID ama pasipoti, kwa hivyo muda uliobaki ni mdogo na tunataka kujua ni mbunge gani atausimamia huo mswada.

Karani wa basi,
Garissa